Mlango wa Siha: Damu Ikikatika, Saa Ndiyo Dawa



Katika barua zilizotufikia imo moja ambayo tumeona haifai kujibiwa faraghani, kwa kuwa suali lililomo ni la nyumba nyingi. Mwandishi wake ni kijana ambaye baba yake alipatwa na kiharusi baada ya sala ya Isha, akapooza upande wa kulia na kupotewa na maneno. Kijana mwenyewe alikuwa safarini. Waliokuwapo nyumbani wakamkanda mzee kwa mafuta, wakamsomea, wakamlaza wakidhani kuwa ni upepo mbaya utakaopita, na hawakumfikisha hospitali ila alasiri ya siku ya pili. Mzee yu hai, alhamdulillahi, lakini hatembei, na maneno yake hayaeleweki. Sasa amekuja muuzaji mmoja na chupa ya vidonge, akisema kwamba ndani yake mna vitu viitwavyo antioksidanti, ambavyo vitafufua mishipa ya fahamu iliyokufa na kuwakinga watu wengine wa nyumba hiyo. Bei ya chupa ni nusu ya mshahara wa kijana wa mwezi mzima. Auliza mambo mawili: Je, maneno haya yana ukweli? Na je, akiacha kununua atakuwa amemnyima baba yake haki yake?

Masuali haya ni mazito, na la pili ni zito kuliko la kwanza. Tutayajibu yote mawili inshaallah, lakini kwanza yapasa tufahamu jambo lenyewe.

UKWELI ULIOMO KATIKA MANENO YA MUUZAJI

Tuanze na ukweli, kwani uwongo unaosafiri mbali aghlabu hupandishwa mgongoni mwa ukweli.

Ubongo wa mtu mzima ni kama sehemu 2 katika 100 za uzito wa mwili wake, lakini hutumia karibu sehemu 20 katika 100 za hewa ya oksijeni ambayo mwili wote unaihitaji unapopumzika. Tena ubongo hauna ghala la kuweka akiba. Misuli yaweza kustahimili kwa muda pasipo damu mpya. Ubongo hula kile uletewacho wakati ule ule. Basi donge la damu likiziba mshipa mmoja wa ubongo, mahali palipokuwa pakinyweshwa na mshipa huo huingia katika dhiki mara moja.

Lakini si pote hufa pamoja. Katikati ya sehemu hiyo seli hufa kwa dakika chache. Pembeni yake kuna ukanda ambao bado unapata damu kidogo kutoka mishipa ya jirani. Seli zake zimenyamaza, hazifanyi kazi, lakini hazijafa. Tangu mwaka 1981 matabibu wameuita ukanda huo penumbra, neno la Kilatini lenye maana ya kivuli kisichokuwa giza kamili. Mtu aliye katika hali hii mkono wake hauinuki, nawe wadhani kwamba mkono umekwisha kufa, kumbe sehemu kubwa ya ubongo wake ingali yangoja tu irudishiwe damu. Mwaka 2006 tabibu mmoja wa Marekani, Jeffrey Saver, alifanya hesabu akaona kwamba katika kiharusi cha kuzibika mshipa mkubwa, kila dakika inayopita pasipo matibabu hupotea seli za fahamu kiasi cha milioni 1.9. Wakati wa kuchemsha birika la chai ni wakati wa kupoteza mamilioni ya seli.

Hapa ndipo inapoingia habari ya antioksidanti. Oksijeni ambayo kwayo Mwenyezi Mungu ametupa uhai ina ukali wake. Inapotumika ndani ya seli huzaa vitu vidogo viitwavyo radikali huru. Kila kimoja kina upungufu wa elektroni moja, nacho huinyakua kwa jirani. Na jirani aliyenyang'anywa naye huwa mnyang'anyi, akamwendea wa tatu. Mama wa nyumba anaijua kazi hii bila ya kujua jina lake: samli au mafuta yakiachwa wazi siku nyingi huchacha, na kule kuchacha ni oksijeni kuyala mafuta kwa mfuatano huo huo. Na ubongo, ukiuondolea maji yake, sehemu yake kubwa ni mafuta. Kwa hiyo yale yanayoyapata mafuta katika chupa yaweza kuyapata mafuta yanayozizunguka seli za ubongo.

Mwenyezi Mungu hakutuacha bila ya walinzi. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich, katika Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, walieleza kazi ya kimeng'enya kimoja kilichomo mwilini, superoksidi dismutesi, ambacho kazi yake ni kuzikamata radikali za oksijeni na kuzivunja ukali. Vitamini C na vitamini E nazo ni katika walinzi hao. Katika siku za salama, wanyang'anyi na walinzi huenda sawa.

Siku ya kiharusi mizani hiyo hupinduka. Tena kuna jambo la ajabu ambalo wengi hawalijui: damu inaporudi, nayo huleta madhara yake. Seli iliyokaa na njaa ya oksijeni hukusanya ndani yake vitu ambavyo, oksijeni ikirudi kwa ghafula, hulipuka na kuzaa radikali huru kwa wingi, wakati ambao walinzi wamekwisha choka. Ni kama mtu aliyefunga siku nyingi pasipo kula kitu, akapewa sinia zima la pilau mara moja. Chakula ni chema, lakini chaweza kumdhuru. Hata hivyo damu isiporudi kabisa mauti ya seli ni yakini. Kwa hiyo wanazuoni wa tiba wakasema: turudishe damu, na pamoja nayo tutie dawa ya kuzuia kuchacha, ili tuikinge mishipa ya fahamu isiharibiwe na dhiki ile wala na faraja inayoifuata.

Fikira hiyo ni ya maana, na hapana wa kuicheka. Basi muuzaji wa kijana wetu hakuyabuni maneno yake yote. Alichokiacha ni kusimulia yaliyotokea baada ya fikira hiyo kutiwa katika majaribio.

YALIYOPATIKANA KATIKA MAJARIBIO

Dawa moja iliitwa tirilazadi. Ilitengenezwa makusudi ili kuzuia mafuta ya ubongo yasichache, na katika wanyama ilionyesha matumaini mema. Ikajaribiwa kwa wagonjwa wa kiharusi, na mwaka 2000 matokeo ya majaribio 6 yaliyowahusu wagonjwa 1,757 yakakusanywa pamoja. Ilionekana kwamba waliopewa dawa hiyo hawakupata nafuu. Bali hatari ya kufa au kubaki na ulemavu ilizidi kwao kwa kiasi cha moja ya tano.

Ikaja nyingine iliyoitwa NXY-059. Hii ilipewa wagonjwa ndani ya saa 6 tangu kupatwa. Jaribio la kwanza, la wagonjwa zaidi ya 1,700, lilitangazwa mwaka 2006, likaonyesha faida ndogo, na watu wakafurahi. Lakini kwa kuwa jambo hili ni la roho za watu, jaribio la pili lilifanywa kwa wagonjwa zaidi ya 3,300. Matokeo yake yalipotangazwa mwaka 2007 ile faida ilikuwa imetoweka, na dawa ikaachwa.

Hizi hazikuwa mbili tu. Mwaka 2006 wataalamu walihesabu dawa zote ambazo zilikuwa zimewahi kujaribiwa, katika maabara au kwa watu, kwa ajili ya kuuokoa ubongo uliokatikiwa na damu. Waliona kwamba zimefika 1,026. Nyingi katika hizo zilimponya panya, lakini zilipofikishwa kwa binadamu hazikuonekana kumwokoa.

Kwa nini ikawa hivyo? Sababu ni nyingi, nazo zafaa kujuliwa, kwani humfundisha mtu namna ya kuzipima habari za dawa. Kwanza, panya wa maabara aghlabu ni kijana mwenye afya, ilhali mgonjwa wa kiharusi mara nyingi ni mtu wa makamo au mzee mwenye shindikizo la damu, au sukari, au yote mawili. Pili, panya hupewa dawa dakika chache baada ya mshipa wake kuzibwa, na pengine kabla ya kuzibwa. Binadamu hufika hospitali baada ya saa nyingi, ukanda ule wa kivuli umekwisha geuka kaburi. Tatu, baadhi ya majaribio ya wanyama yenyewe yalikuwa na kasoro. Mwaka 2008 watu walioyapitia upya majaribio ya NXY-059 kwa wanyama waliona kwamba pale ambapo wapimaji hawakufichwa ni mnyama gani aliyepewa dawa, faida ilionekana kubwa zaidi. Jicho la mwanadamu hupenda kuona kile ambacho moyo wake unakitamani.

Haki yataka tuseme pia yaliyo upande wa pili. Nchini Japani dawa ya jamii hii, edaravoni, iliruhusiwa mwaka 2001 kwa wagonjwa wa kiharusi cha kuzibika mshipa, ianzwe ndani ya saa 24. China nayo iliruhusu mwaka 2020 dawa iliyochanganya edaravoni na kitu kingine kiitwacho deksiborneoli. Katika jaribio la wagonjwa 1,165 lililotangazwa mwaka 2021, waliopata dawa hii ya mchanganyiko na kufikia siku ya 90 wakiwa na ulemavu mchache au hawana kabisa walikuwa kama 67 kwa mia, na waliopata edaravoni peke yake walikuwa kama 59 kwa mia. Huo ni mwanga, wala hatuuzimi. Lakini miongozo ya matabibu wa Marekani ya mwaka 2019 haikuikubali dawa yoyote ya namna hii ya kukinga ubongo kwa mgonjwa wa kiharusi. Wao walitaka ushahidi zaidi.

Na hata huko Japani na China, msomaji aangalie vizuri: dawa hizo zimetumiwa kwa kutiwa katika mshipa, hospitalini, mbele ya tabibu, katika siku za mwanzo, na mafigo ya mgonjwa hutazamwa kwani yaweza kudhurika. Baina ya dripu hiyo na chupa ya vidonge inayotembezwa mlango kwa mlango, miezi kadhaa baada ya maradhi, kuna umbali kama wa mbingu na ardhi. Wazee wetu walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

JE, VIDONGE HIVYO HUKINGA?

Pengine msomaji atasema: sawa, havifufui kilichokufa, lakini je, haviwezi kumkinga mtu mzima asipatwe? Suali hili nalo lilijibiwa kwa kazi kubwa. Huko Uingereza watu 20,536 waliokuwa katika hatari ya maradhi ya moyo na mishipa waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja likapewa kila siku vitamini E, vitamini C na beta-karotini, na fungu la pili likapewa vidonge visivyokuwa na kitu, kwa muda wa miaka 5. Matokeo yalitangazwa mwaka 2002: baina ya mafungu hayo hapakuwa na tafauti, si katika kiharusi wala katika vifo.

Kuna yaliyo mabaya kuliko kukosa faida. Mwaka 2010 yalikusanywa majaribio ya vitamini E yaliyohusu watu zaidi ya laki moja. Ilionekana kwamba kiharusi cha kuzibika mshipa kilipungua kwa sehemu 10 katika 100, lakini kiharusi cha kupasuka mshipa na kuvuja damu kiliongezeka kwa sehemu 22 katika 100. Na hiki cha kuvuja aghlabu ndicho kibaya zaidi. Na huko Finland, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walishiriki katika jaribio lililotangazwa mwaka 1994. Wale waliopewa beta-karotini walipatwa na saratani ya mapafu zaidi ya wenzao kwa sehemu 18 katika 100. Kitu kuwamo katika karoti hakumaanishi kwamba kikikamuliwa na kutiwa katika kidonge kitakuwa na baraka ile ile.

Chakula ni jambo jingine, nacho kina haki yake. Mchicha, machungwa, maembe, mapera, nyanya, kunde na samaki ni neema ambazo Mola wetu ametuwekea karibu, na kwa bei isiyoshindana na ya chupa. Mtu ale bila ya israfu. Lakini asidhani kwamba vinamfaa kwa ajili ya antioksidanti peke yake. Vina mengi mengine, na faida yake huja kwa mazoea ya miaka. Na kama mama wa nyumba ataka kufanya jambo moja jikoni ambalo faida yake dhidi ya kiharusi imethibiti, basi apunguze chumvi. Katika vijiji 600 vya China, watu karibu 21,000 walifuatwa kwa muda wa karibu miaka 5. Nusu ya vijiji viliendelea na chumvi ya kawaida, na nusu vilipewa chumvi iliyopunguzwa sodiamu na kutiwa potasiamu. Mwaka 2021 ikatangazwa kwamba katika vijiji vya chumvi hiyo nyingine viharusi vilipungua kwa sehemu 14 katika 100. (Aliye na maradhi ya mafigo asitumie chumvi ya namna hiyo ila kwa amri ya tabibu.)

NA HABBAT SAUDA?

Tunajua kwamba wako wasomaji watakaouliza: na habbat sauda, ambayo Mtume wetu (S.A.W.) ameisifu? Sifa hiyo imo katika hadithi sahihi, nasi twaipokea kwa kichwa na macho. Na maabara nazo zimeona kwamba ndani ya mafuta yake mna kitu kiitwacho thaimokwinoni chenye nguvu ya kuzuia kuchacha, na katika panya waliokatiwa damu ya ubongo kilionyesha faida. Lakini tumekwisha ona safari ya kutoka kwa panya hadi kwa binadamu ilivyo ndefu, na ni wangapi walioanguka njiani.

Zaidi ya hayo, tutazame Mtume mwenyewe alivyofanya. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Ubayy bin Kaab (R.A.) alipougua, Mtume (S.A.W.) alimpelekea tabibu, naye akautibu mshipa wake. Aliyetufundisha habari ya habbat sauda ndiye huyo huyo aliyemwita tabibu. Na bedui aliyeuliza juu ya ngamia wake aliamrishwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. Kwa hiyo anayeila habbat sauda kwa mapenzi ya Sunna, na aile kwa kiasi, na amjulishe tabibu wake. Lakini anayeifanya kuwa sababu ya kuchelewesha hospitali, huyo amemwacha ngamia bila ya kamba.

Vivyo hivyo katika kusoma. Qurani ni shifaa, na dua ni silaha ya Muislamu. Lakini hapana sheria inayosema kwamba mgonjwa asisomewe ndani ya gari. Na asomewe njiani.

JIBU LA KIJANA WETU

Sasa tumjibu mwenye barua. Ama suali la kwanza: seli za ubongo zilizokwisha kufa hazifufuliwi na vidonge hivyo, na anayesema kwamba vinafufua hana ushahidi. Mfanyabiashara Muislamu akumbuke kwamba kumficha mnunuzi aibu ya bidhaa ni ghushi, na mwenye kughushi amejitoa mwenyewe katika njia ya Mtume wetu. Ghushi ya kitambaa hupoteza fedha. Ghushi ya dawa hupoteza fedha, na wakati, na pengine roho.

Ama suali la pili: Hapana, ewe kijana, hutakuwa umemnyima baba yako haki yake. Haki ya mzazi haipimwi kwa bei ya chupa. Haki yake kwako sasa ni hizi. Apimwe shindikizo la damu na sukari, na anywe kila siku dawa aliyoandikiwa, kwani aliyepatwa mara moja yu karibu zaidi kupatwa mara ya pili. Apelekwe kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, naye akufundisheni nyumbani namna ya kumnyoosha, kumgeuza, kumwinua na kumsimamisha. Kwani seli zilizokufa hazirudi, lakini zilizobaki zina uwezo wa kujifunza njia mpya kwa kukaririwa, kama mtoto ajifunzavyo kutembea. Asemeshwe kwa subira, asimaliziwe maneno kila mara, wala asizungumziwe mbele yake kana kwamba hayupo. Mwenye kupotewa na maneno mara nyingi hajapotewa na akili. Asaidiwe kusali kwa namna anayoiweza, kwa kukaa au kwa kulala, kwani dini yetu ni sahali. Fedha ambazo ungeitolea chupa, zitoe kwa nauli ya kwenda mazoezini na kwa dawa ya shindikizo. Huo ndio wema kwa mzazi.

Wala usiwalaumu waliokuwapo usiku ule. Walifanya walilolijua, kwa mapenzi. Lakini baada ya leo, nyumba yako na nyumba ya kila msomaji zina ujuzi, na mwenye ujuzi ataulizwa juu ya ujuzi wake.

LIPASALO NYUMBA KUJUA

Kiharusi si maradhi ya mbali. Uchunguzi uliofanywa Tanzania baina ya mwaka 2003 na 2006, na kutangazwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba, baada ya kusawazisha hesabu za umri, katika wilaya ya Hai walipatwa kwa mwaka watu kama 109 katika kila laki moja, na katika mitaa ya Dar es Salaam iliyochunguzwa walipatwa kama 316. Basi kila mwenye nyumba na azijue dalili.

Ukimwona mtu uso wake umepinda upande mmoja kwa ghafula. Au ukimwambia ainue mikono yote miwili mmoja ukaanguka. Au maneno yake yakawa mazito, au yakavurugika, au yakapotea: hicho ni kiharusi mpaka tabibu aseme sicho. Hata zikiondoka dalili hizo baada ya dakika chache, usiseme kwamba amepona. Hilo ni onyo, na mara nyingi pigo kubwa hufuata karibu. Tazama saa, ukumbuke wakati alipoonekana mzima mara ya mwisho, kwani hilo ni katika mambo ya kwanza utakayoulizwa. Usimpe chakula, wala maji, wala maji ya zamzam, kwani kumeza kwake kwaweza kuwa kumeharibika na kikaingia mapafuni. Usimpe aspirini, maana hujui kama mshipa umeziba au umepasuka, na hilo halijulikani ila kwa picha ya kichwa. Usimchanje. Mlaze kwa ubavu akiwa hana fahamu, utafute chombo, uende hospitali kubwa iliyo karibu.

Saa hizo zina thamani gani? Mwaka 1995 ilithibiti huko Marekani kwamba dawa ya kuyeyusha donge la damu, ikitolewa ndani ya saa 3 kwa mgonjwa anayeistahili, huzidisha idadi ya wanaobaki na ulemavu mchache au wasiobaki nao. Mwaka 2008 ilionekana kwamba hata ikifika saa 4 na nusu yaweza kufaa. Mwaka 2015 majaribio kadhaa yakathibitisha kwamba kwa baadhi ya wagonjwa donge laweza kuvutwa kwa waya mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa. Tiba hizi hazipatikani katika kila hospitali. Lakini hata pasipokuwa nazo, wagonjwa wanaotunzwa katika wodi yenye watu waliofundishwa kazi ya kiharusi hufa wachache na hutembea wengi kuliko wanaotunzwa ovyo. Miaka yote hii watu wametafuta dawa ya kuukinga ule ukanda wa kivuli, na hadi leo mlinzi wake aliye bora ni damu irudishwe mapema.

Na kabla ya yote hayo, kinga. Uchunguzi mkubwa wa nchi 32 uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mambo 10 yanayoweza kurekebishwa ndiyo yenye karibu sehemu 90 katika 100 za hatari ya kiharusi, na kubwa lao ni shindikizo la damu. Shindikizo halipigi hodi; mtu huenda nalo msikitini na sokoni asijue. Basi kila aliyepita umri wa miaka 40 na apimwe, aache sigara, atembee kwa miguu. Na aliyekwisha andikiwa dawa asiiache kwa kuwa amejiona hajambo, wala asiiache kwa ajili ya Ramadhani kwa rai yake mwenyewe. Amwendee tabibu kabla ya mwezi kuandama. Wengi hupangiwa dawa zao wakati wa futari na daku wakafunga kwa salama, na asiyeweza, Mola wake amekwisha mpa ruhusa.

Jambo la mwisho tunaloliomba kwa kila nyumba ni hili. Usiku wa leo, baada ya chakula, wakaeni watu wa nyumba pamoja, wakubwa na watoto, muulizane: likitokea jambo hili saa nane za usiku, ni hospitali gani tutakayokwenda? Ni nani jirani mwenye gari? Simu yake iko wapi? Nani atabaki na watoto? Mazungumzo hayo ni ya dakika kumi na hayana bei, na huenda yakamfaa mzazi wenu kuliko chupa zote za sokoni.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowatunza, na atujaalie kuzishika sababu huku nyoyo zetu zikimtegemea Yeye. Amin.

Wabillahi tawfiq.